Kiswahili na Sayansi ya Seli Hai: Mikoko ya Lamu kama Kielelezo

Kauli kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza taaluma yoyote ile imekwisha kuwa kama dua ya kufungulia makongamano. Husemwa, hupigiwa makofi, kisha wasemaji hurejea kwenye riwaya na ushairi, na sayansi huachwa nje ikibisha hodi. Makala haya hayana nia ya kuipinga kauli hiyo. Nia yake ni kuijaribu kwa kuitwisha mzigo ulio mzito kweli, nao ni ile njia ya kuchunguza umetaboli ndani ya seli hai kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio. Na ili mjadala usielee hewani, mzigo huo unapelekwa hadi visiwa vya Lamu, ambako mti mmoja, mkoko, umebeba nyumba, uvuvi, biashara na, katika miaka ya karibuni, hata mashauri ya mahakamani.

Kwanza ni lazima jambo lenyewe lielezwe, kwa kuwa wengi wa wanaolitetea Kiswahili cha sayansi hawajapata kuieleza sayansi yoyote kwa Kiswahili. Seli hai haitulii. Kila nukta inavunja sukari, inajenga protini, inasukuma chumvi nje na kuingiza maji, inatumia nishati na kuitengeneza upya. Jumla ya shughuli hizo ndiyo huitwa umetaboli. Kwa muda mrefu wanakemia wa viumbe waliichunguza seli kwa kuiua: waliigandisha ghafla, wakaisaga, wakaichuja, kisha wakapima kilichobaki. Walijifunza mengi sana kwa njia hiyo, na si haki kuibeza. Hata hivyo, ina upungufu wake wa kimaumbile. Mtu anayeingia uwanjani baada ya ngoma kumalizika anaweza kuhesabu nyayo mchangani, lakini mdundo hataupata.

Njia ya sumaku ilikuja kuziba pengo hilo. Msingi wake unaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kuona dira chomboni. Sindano ya dira hujielekeza kaskazini kwa sababu ni sumaku ndogo inayotii sumaku kubwa ya dunia. Ukiigusa, hutikisika kwa mwendo wake maalumu kabla ya kutulia. Viini vya baadhi ya atomi navyo vina tabia inayofanana na hiyo, japo si sindano na kanuni zinazovitawala ni za fizikia ya vitu vidogo mno. Miongoni mwake ni kiini cha hidrojeni, cha fosforasi na cha aina adimu ya kaboni iitwayo kaboni 13. Vikiwekwa katika uga wa sumaku wenye nguvu, viini hivyo hujielekeza. Vikipigwa na wimbi la redio lenye masafa yanayoafikiana na mwendo wake, huyumba, na katika kuyumba huko hutoa wimbi hafifu linaloweza kunaswa. Hapa ndipo penye uhondo: atomi moja ya fosforasi haijibu sawasawa na nyingine. Jibu lake hubadilika kidogo kulingana na atomi zilizo jirani nayo. Fosforasi iliyomo katika ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli, husikika mahali tofauti na fosforasi iliyo katika fosfati ya kawaida. Na fosfati hiyo ya kawaida huhama mahali pake kadiri uasidi unavyoongezeka au kupungua. Kwa hiyo mchunguzi aliyeketi nje ya sumaku hujua seli ina akiba gani ya nishati na ina uasidi kiasi gani, bila kuitoboa wala kuiua.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1946 makundi mawili ya wanafizikia huko Marekani, moja likiongozwa na Felix Bloch na jingine na Edward Purcell, yaliunasa mwitiko huo katika vitu vya kawaida, na mwaka 1952 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Iliwachukua watu zaidi ya robo karne kuupeleka ndani ya uhai. Mwaka 1973 Moon na Richards walipima uasidi wa ndani wa chembe nyekundu za damu kwa kutumia fosforasi, na mwaka uliofuata kundi la Oxford likausikiliza msuli wa mguu wa panya ambao haukuwa umesagwa. Kufikia 1981 wataalamu wa Oxford walikuwa wameweza kumchunguza mgonjwa mwenye ugonjwa wa McArdle, ambao huuzuia msuli kuvunja akiba yake ya sukari. Kwa kawaida msuli unaofanyishwa kazi ngumu huwa na uasidi zaidi. Wa mgonjwa huyo haukuwa hivyo. Alinyoosha tu mkono ndani ya sumaku, na kasoro ya kikemia iliyojificha ndani ya nyama yake ikasomeka.

Isidhaniwe kwamba njia hii ni muujiza. Masikio yake ni mazito: kemikali iliyo kidogo sana ndani ya seli haisikiki kabisa. Ili sauti ipatikane, seli hulazimika kusongamanishwa kwa mamilioni katika bomba jembamba, na seli zilizosongamana huishiwa na oksijeni upesi, hivyo wachunguzi hulazimika kuzipitishia maji yenye hewa muda wote. Kaboni 13 ni takriban asilimia moja tu ya kaboni yote ya asili, kwa hiyo mara nyingi seli hulishwa sukari iliyotengenezwa mahususi kwa kaboni hiyo. Na sumaku zenyewe, zenye uga unaoweza kuwa mara laki tatu na zaidi ya ule wa dunia, hupozwa kwa heli kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Si kifaa cha kununuliwa kwa harambee.

Je, haya yote yana uhusiano gani na Lamu? Yana uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1980 Justin Roberts na wenzake walielekeza sumaku kwenye ncha za mizizi ya mahindi, wakagundua kwamba wanaweza kutofautisha fosfati ya sehemu mbili za seli ileile: saitoplazimu, ambayo haina uasidi, na vakuoli, ile ghala kubwa ya maji ya seli ya mmea, ambayo ina uasidi mwingi. Miaka minne baadaye Roberts na wenzake walionyesha kwamba mzizi unaponyimwa oksijeni, kama inavyotokea shamba linapofurika, saitoplazimu hupata uasidi, na kwamba mzizi usioweza kuudhibiti uasidi huo hufa mapema. Mahindi huangamia kwa mafuriko. Mkoko unaishi katika mafuriko mara mbili kwa siku, miguu yake ikiwa katika tope lisilo na hewa, na juu ya hayo maji yenyewe ni ya chumvi.

Mtu asiyeshangazwa na hilo hajausimamia mkoko wakati wa bamvua. Miti ya Lamu imelitatua tatizo lilelile kwa njia mbalimbali. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi kama magongo, na huizuia chumvi nyingi isipite mizizini. Mchu huiruhusu sehemu ya chumvi kuingia, kisha huitoa kwa majani. Atakayeulamba upande wa chini wa jani la mchu hahitaji maabara ili kulithibitisha hilo. Ndani ya seli zake, mchu hulimbikiza kemikali iitwayo betaini, ambayo huiwezesha saitoplazimu kuhimili chumvi bila vimeng'enya kuharibika. Ama kuhusu hewa, mwaka 1955 Scholander na wenzake, waliofanya kazi Florida, waliziba kwa grisi vitundu vya kupumulia vya mizizi ya mikoko ya huko, na oksijeni ya mizizi iliyozama topeni ikashuka. Mkoko basi hauishi bila hewa. Unaivuta kwa kutumia mizizi iliyo juu ya tope, na kuishusha chini. Maji yakijaa na kuyafunika matundu hayo, akiba hupungua. Yakipwa, mti huvuta pumzi. Ukiyaweka pamoja majaribio ya Scholander na ya Roberts, unapata swali ambalo ni la kisayansi na ni la Kilamu kwa wakati mmoja: seli ya mzizi wa mkoko hufanya nini na uasidi wake katika saa zile ambazo maji yamejaa?

Sasa turufu ya wenye shaka ni istilahi, na inafaa ijibiwe kwa kina. Chukua neno kiini. Katika vitabu vya Kiswahili vya biolojia, kiini ni ile sehemu ya seli inayobeba jeni. Katika vitabu vya fizikia, kiini ni kitovu cha atomi. Hadi hapo hakuna ugomvi, kwa sababu mwanabiolojia na mwanafizikia hawagombei ukurasa mmoja. Lakini njia hii inawakutanisha. Mwandishi anayesema kwamba sumaku inavisikiliza viini vya seli amewapotosha wasomaji wake: kinachosikilizwa ni viini vya atomi, popote zilipo ndani ya seli. Wapo watakaosema kwamba huu ni ushahidi wa umaskini wa lugha. Wangepaswa kwanza kuitazama lugha wanayoiabudu. Neno la Kilatini ambalo Kiingereza kimelichukua kwa mambo hayo mawili lina maana ya kiini cha kokwa, na utata wake ni uleule. Wanaosoma kwa Kiingereza hawatatiziki, si kwa sababu istilahi yao ni bora, bali kwa sababu wameisoma mara elfu katika sentensi kamili. Dawa yake katika Kiswahili ni nyepesi: kiini cha atomi kiandikwe hivyo kila mara bila kufupishwa, na kiini peke yake kiachiwe seli.

Kisha kuna neno nyuklia. Mtafsiri mvivu ataiita njia hii kwa jina lenye nyuklia ndani yake na kujiona amemaliza. Hata hospitali za ng'ambo ziliona hatari ya neno hilo. Mashine za kupiga picha za mwili zilipoenea katika miaka ya 1980, sehemu hiyo ya jina iliondolewa kwa kuwa iliwatia wagonjwa hofu ya mnururisho, ilhali mashine hiyo haina mnururisho wa aina hiyo. Pwani ya Kenya, ambako mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kinu cha nyuklia, neno hilo lina uzito wake wa kisiasa. Mwandishi wa Kiswahili ana nafasi ya kuanza na jina lisilozusha hofu isiyo na msingi. Mwitiko wa sumaku wa viini vya atomi ni jina refu, lakini neno mwitiko lina faida kwa msikilizaji wa Kiswahili. Linamkumbusha kiitikio. Mwimbishaji hutoa sauti, na waitikiaji hujibu pale tu inapofika zamu yao na kwa sauti inayowafaa. Kiini cha fosforasi nacho hakiitikii wimbi lolote lile, bali lile linaloafikiana na mwendo wake. Wapo wanaopendelea rezonansi, neno lililokopwa na kuvishwa mavazi ya Kiswahili. Si kosa. Ila rezonansi haimwambii mwanafunzi wa Faza au wa Siyu chochote mpaka aelezwe, na mwitiko humfikisha nusu ya njia.

Ni lazima isemwe wazi kwamba uhaba wa istilahi si ugonjwa mkuu wa Kiswahili cha sayansi. Tangu mwaka 1990 ipo kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 1992 taasisi hiyohiyo ilichapisha kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko. Orodha nyingine nyingi zimefuata. Kilichokosekana ni nathari: kurasa ishirini mfululizo za maelezo ambamo istilahi inatumika, inachoka, inapata kifupisho, inazaa kitenzi na kivumishi. Istilahi iliyo ndani ya orodha ni sawa na ile seli iliyosagwa. Ina viambajengo vyote, na imekufa. Waundaji wa istilahi wanastahili heshima yao, lakini kazi waliyoifanya haiwezi kukamilishwa na kamati. Inahitaji waandishi, na waandishi hulelewa katika idara zilezile zinazojishughulisha na fasihi. Kwa hiyo lawama, ikiwa inatafutwa, isielekezwe kwa wanakemia peke yao.

Visiwa vya Lamu vinatoa mfano wa istilahi iliyoishi. Wakataji wa mikoko huko hawakuwahi kukaa katika warsha, na bado walijenga mfumo wa kuainisha miti kwa unene ambao maofisa wa misitu waliuchukua ulivyo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Kila jina lina kipimo chake na kazi yake, kuanzia ile fito nyembamba ya kusukia ukuta hadi nguzo ya kubebea paa. Boriti iliamua hata umbo la vyumba. Vyumba vya nyumba za mawe za mji wa kale, ule uliotangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake haungeweza kuzidi urefu wa boriti. Majahazi yalizichukua boriti hizo hadi Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Aina za miti nazo zilitenganishwa kwa ukali: mkoko si mkandaa, mkandaa si mchu, wala mchu si mlilana. Mwanabotania anayekuja na majina ya Kilatini huona kwamba wenyeji wameshaichora mipaka kabla yake. Na huku visiwani elimu na sanaa ya lugha hazikuwekewa ukuta. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliutunga ili ufundishe.

Upo upande mwingine ambao hauhusu kamusi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na miti hiyo imekuwa ikiamuliwa hatima yake kwa nyaraka ambazo wengi wa wanaoishi nayo hawawezi kuzisoma. Bandari mpya ilichimbwa katika mkono wa bahari wa Manda, na gati yake ya kwanza ikafunguliwa mwezi Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwamo haki ya kupewa habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwezi Juni 2019 leseni ya mazingira ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi ilifutwa, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini mzee wa Mkunumbi akitaka kujua kwa nini tope linalotimuliwa na mitambo ya kuchimbia linaweza kuua mikoko iliyo mbali na mitambo yenyewe, jibu lake lipo katika yale yaliyoelezwa hapo juu: tope likifunika matundu ya kupumulia, mzizi hukosa oksijeni, na seli zikashindwa kuudhibiti uasidi wake. Ni sentensi moja ya Kiswahili. Mtu aliyeipata sentensi hiyo huingia katika baraza la wananchi akiwa na swali la kuuliza. Asiyeipata huingia akiwa na malalamiko tu, na malalamiko ni rahisi kuyaandika kwenye kumbukumbu za mkutano na kuyasahau.

Watasema wengine kwamba wanasayansi wenyewe huchapisha kwa Kiingereza ili wasomwe duniani, na kwamba hakuna atakayewabadilisha. Ni kweli, wala si lazima wabadilike. Roberts hakuandika kwa ajili ya wakulima wa mahindi. Hoja ni kwamba kati ya jarida lake na shamba pana nafasi ya mwandishi mwingine, na Kiswahili kimeiacha nafasi hiyo wazi kwa muda mrefu mno. Kuhusu gharama za sumaku na heli, maelezo hayahitaji heli.

Tasnifu za uzamili za Kiswahili zinazohusu maudhui na wahusika katika riwaya zilezile tano au sita zinaendelea kurundikana katika maktaba. Baadhi ni nzuri. Moja kati ya hizo ingeweza kuachiliwa, na mwanafunzi wake akatumwa Ndau, Pate na Mkunumbi kwa mihula miwili pamoja na mwanafunzi wa botania. Mmoja angekusanya maneno ambayo wakataji huyatumia kwa mizizi, kwa magome, kwa aina za tope na kwa mti unaoanza kufa. Mwingine angebainisha ni nini hasa kinachotajwa na kila neno. Inawezekana kabisa kwamba wazee wanazo dalili za mzizi uliokosa hewa, za rangi au za harufu, na majina yake kwa Kiamu na Kitikuu, na kwamba majina hayo yangefaa zaidi kuliko yale yatakayobuniwa mezani Nairobi au Dar es Salaam. Kazi hiyo ina msimu wake. Tope hufikika vizuri maji yanapopwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.